Nani Alipata, Nani Alilipa: Wageni na Wenyeji, Kutoka Ngara Hadi Kariakoo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakazi na wafanyabiashara wa mtaa wetu hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Naiweka yote kwa ajili ya waliokuwa dukani, msibani au safarini siku ile.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wetu, mashehe na wachungaji mliofika, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wafanyabiashara wenzangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya wageni wanaohamia kwetu na yale wanayoyaleta, mazuri na mabaya. Najua kwa nini mada hii imechaguliwa. Tangu mwishoni mwa Julai 2025, Serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, hapa mtaani hakuna mazungumzo yasiyofika huko. Kijiweni kwenye kahawa ni hayo, kwa kinyozi ni hayo, hata msibani, maiti haijatoka, mtu anakunong'oneza kuhusu Mchina wa fremu ya pembeni. Wapo wanaosema wageni wametumaliza. Wapo wanaosema wageni wakiondoka tutakula nini. Na jambo la ajabu ni kwamba wote wawili wana ushahidi mkononi.

Wahenga nao hawatusaidii. Walituachia "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na walituachia "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nimeishi miaka mingi na nimezisikiliza methali hizi zikitumika, nikagundua kwamba ya kwanza aghalabu husemwa na mwenye nyumba ya kupangisha, na ya pili husemwa na mpangaji. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hotuba yangu yote imo humo. Mtu akiniuliza kama wageni wana faida au hasara kwa jamii, namwambia swali lako limekosewa, kwa sababu hakuna mfuko unaoitwa jamii. Ipo mifuko ya watu. Mimi nauliza: faida imeingia mfuko wa nani, na hasara imetoka mfuko wa nani?

Niwapeleke kwanza Ngara.

Wengi wenu mnanifahamu kama muuza mbegu na dawa za mazao, lakini kabla ya duka hili nilikuwa bwana shamba wa Serikali mkoani Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa Ngara. Watu walipoanza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, walivuka takriban robo milioni katika muda wa siku moja tu. Nawaomba mfikirie maneno hayo kwa utulivu. Siku moja. Usiku tulilala katika wilaya ya wakulima wa ndizi na maharage, na keshokutwa yake palikuwa na mji pale Benaco, mji usio na nyumba, wenye moshi wa kuni unaoonekana kutoka kilima cha pili, na kabla ya miezi mingi kupita wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Lugha haikuwa tatizo, kwa kuwa Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, na Kinyarwanda ni ndugu. Mama wa Kihangaza na mama mkimbizi walipatana bei bila mkalimani.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kwenda sokoni kila wiki na kuandika bei katika daftari la kawaida la shule. Daftari lile ninalo hadi leo, limeliwa na mende kwenye kona. Sitawasomea tarakimu zake, kwa kuwa ni za soko moja na mwandishi mmoja aliyekuwa na haraka, lakini nitawaambia zilivyokwenda. Mkungu wa ndizi ulipanda wiki hadi wiki, kwa sababu wakimbizi walipewa mahindi, maharage na mafuta ya msaada, na wao, kama mtu yeyote, walichoka kula mahindi kila siku. Wakawa wanauza mahindi ya msaada ili wanunue ndizi. Kwa hiyo katika ukurasa uleule wa daftari, ndizi zinapanda na mahindi yanashuka. Sasa niambieni ninyi wafanyabiashara: huo ni mfumuko wa bei au ni nafuu ya maisha? (Sauti kutoka ukumbini: Inategemea unauza nini!) Ahsante, mzee. Inategemea unauza nini.

Nilikuwa na majirani wawili katika kijiji nilichopanga. Wa kwanza alikuwa na shamba la migomba na eneo kubwa lililokuwa pori, ambalo hakuwahi kulilima kwa kukosa nguvu kazi. Wa pili alikuwa kibarua. Alikuwa na kishamba cha nyuma ya nyumba tu, na siku zote aliishi kwa kulimia watu. Wote walikuwa watu wema, na waliketi kanisani katika benchi moja.

Wakimbizi walipokuja, yule wa kwanza alipata vitu viwili kwa mpigo. Ndizi zake zilipanda bei, na wakati huohuo akapata watu waliokuwa tayari kulima pori lake kwa ujira mdogo kuliko uliozoeleka, na wengine kwa chakula tu. Alilima sehemu ambayo babu yake hakuwahi kuilima. Alinunua baiskeli, kisha mabati, kisha akafungua kibanda cha soda karibu na kambi. Yule wa pili alipoteza vitu viwili kwa mpigo. Ujira wake ulishuka, kwa maana aliyekuwa akimwita kulima sasa alikuwa na mkimbizi wa kumwita, na chakula alichozoea kununua kikapanda. Kuni nazo, ambazo mke wake alikuwa akiziokota nyuma ya nyumba, sasa alizifuata kwa mwendo wa nusu siku, kwa kuwa miti ya jirani ilikuwa imekwisha. Asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya jembe lake lililolazwa chini, pale njiapanda ambapo waajiri walikuwa wakipita kuchukua vibarua. Aliniambia hivi: "Bwana shamba, mimi nimekuwa mkimbizi kijijini kwangu, ila mimi sina kadi ya mgao."

Mtu yeyote asidhani kwamba nayasema haya kwa kumbukumbu za majirani wawili tu. Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa sana katika jambo hili, kwa sababu watafiti walikuwa wamekwisha kuanza kuhoji kaya zake mwaka 1991, kabla ya wakimbizi, wakazifuata tena kaya zilezile mwaka 2004 na mwaka 2010. Wachumi waliozipekua takwimu hizo walikuta picha ileile ya majirani zangu: wenye mashamba yao walielekea kunufaika, na waliotegemea kibarua cha shambani waliumia. Wakakuta pia jambo ambalo sisi tuliokuwapo hatukulitambua kwa wakati ule. Barabara zilizotengenezwa ili malori ya msaada yafike kambini zilibaki baada ya wakimbizi kuondoka, na vijiji vya maeneo hayo viliendelea kunufaika kwa usafiri rahisi miaka mingi baadaye.

Niongeze tukio moja dogo ambalo haliingii kwa urahisi katika hesabu. Mashirika ya misaada yalikuja na mishahara ambayo Halmashauri haikuweza kuifikia. Mwalimu wa hisabati wa shule ya kata jirani aliondoka kwenda kuwa mtunza stoo kambini, na mwuguzi mmoja wa zahanati akaondoka kwenda kuwa mkalimani. Siwalaumu, hata ningekuwa mimi ningeondoka. Lakini watoto wa yule kibarua ndio waliobaki bila mwalimu wa hisabati. Na mwezi Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao kwa wiki chache tu, yule mwenye kibanda cha soda alibaki na kreti zake zimejaa, akitazama barabara nzuri isiyo na wateja.

Tukitoka hapo tusidhani kwamba wataalamu wa dunia wamekwisha kukubaliana. Mwaka 1980, Wakuba wapatao 125,000 walivuka kwa boti kutoka bandari ya Mariel hadi Marekani, na wengi wakabaki katika mji wa Miami. Mchumi David Card aliutazama mji ule katika utafiti alioutoa mwaka 1990 na kusema kwamba mishahara ya wafanyakazi wa chini haikuonekana kuyumba. Miaka mingi baadaye George Borjas akazirudia takwimu, akawatenga wanaume ambao hawakumaliza sekondari, akasema hao ndio walioumia, na ubishi huo haujafungwa hadi leo. Mimi si msuluhishi wao. Ninachookota hapo ni kwamba walikuwa wakibishana kuhusu nani awekwe ndani ya hesabu na nani aachwe nje. Wastani ni kitu kizuri, lakini huwezi kumpelekea wastani kibarua ale.

Sasa turudi nyumbani, hapahapa Kariakoo, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu wahusika wamo ukumbini.

Kuna mama mmoja, nimemwomba ruhusa nisimulie bila kumtaja, aliyekuwa akiuza vitambaa katika fremu moja kwa miaka kumi na mbili. Kodi alilipa kwa miezi sita, wakati mwingine akichelewa na mwenye nyumba akimvumilia. Siku moja akaja dalali na mteja wa kigeni aliyekuwa tayari kulipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, na kilemba juu yake. Mama yule alipewa siku thelathini. Kilemba alichopewa ili aachie fremu kilimtosha kumlipia mtoto ada ya mwaka mmoja. Baada ya hapo alitandika turubai barabarani akawa mmachinga, hatua ishirini kutoka mlango uliokuwa wake.

Hadithi ingeishia hapo, tungejua nani mbaya. Haikuishia hapo. Mtoto wake wa kiume aliyemaliza kidato cha nne sasa ni winga wa duka lilelile. Anakamata wateja kutoka Lubumbashi, Lilongwe na Moroni, anawapeleka ndani, anapata chake, na kuhesabu kwa Kichina anajua hadi elfu. Na mama mwenyewe, nilipomuuliza vitambaa anavyotandika anavinunua wapi, aliangalia chini akatabasamu. Anavinunua humohumo. Ni rahisi kuliko kwa yule mwagizaji wa Kitanzania aliyekuwa akimuuzia zamani, ambaye alikuwa akisafiri mwenyewe hadi Guangzhou kufuata mzigo. Mwagizaji yule ndiye aliyepigwa kabisa, kwa sababu mgeni anatoa mzigo kiwandani, anauza jumla, na anauza hadi kipande kimoja.

Basi tuhesabu pamoja. Mwenye nyumba amepata. Dalali amepata. Winga amepata. Mnunuzi aliyetoka Sumbawanga amepata bei nafuu. Mwagizaji amelipa. Na mama? Mama amelipa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine, na mizani yake anaijua yeye na Mungu wake.

Ndipo tuje kwenye ile amri ya 2025. Amri hiyo inamzuia asiye raia kufanya biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa na aina chache za jumla, na inamzuia pia uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kununua mazao shambani, na nyinginezo. Atakayekaidi anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chake kufutwa. Nawaomba msisahau kifungu ambacho hakisimuliwi sana vijiweni: Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa naye ana adhabu yake. Naam, wewe uliyemwazima jina lako la leseni. Wewe unayejiita mkurugenzi wa kampuni ambayo hujawahi kuona daftari lake la mauzo. (Minong'ono.) Simtazami mtu, natazama ukuta wa nyuma.

Maoni yangu, na ni yangu peke yangu, ni kwamba amri hiyo ina haki ndani yake. Nchi yoyote ina haki ya kuwahifadhia watu wake wadogo kazi zinazoanzwa kwa mtaji wa kiganjani, na mgeni aliyeingia kwa kibali cha uwekezaji hakuja kuwekeza katika kukarabati simu. Lakini amri haiwezi kumrudishia yule mama fremu yake, kwa sababu aliyemtoa ni mkataba wa kodi kati ya Mtanzania na Mtanzania, wa mdomo, usio na shahidi. Mgeni akiondoka kesho, ataingia Mtanzania mwenye mkoba mzito kutoka mkoa mwingine, kwa kilemba kilekile. Tena tusisahau kwamba Wakenya waliipinga amri ile mara moja wakikumbusha makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, nasi tuna ndugu zetu wanaouza mchele na vitunguu Nairobi. Ukifunga mlango, angalia kwanza kama mwanao yuko nje.

Nimesema juu ya mifuko. Lipo jambo lisiloingia mfukoni, nalo ni lile swali tunalolipenda: "Wewe kwenu wapi?"

Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia kwetu, Serikali ikawapa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka mapori, wakalima, wakazaa, wakazika. Kwa kazi hiyo na nyinginezo za namna hiyo, Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983. Baadaye nchi yetu ikafanya jambo ambalo mataifa machache sana yamewahi kufanya: iliwapa uraia takriban watu 162,000 wa kundi hilo, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014, zaidi ya miaka arobaini baada ya kuingia kwao. Kijana mmoja wa familia za huko alikuwa akinisaidia dukani. Amezaliwa Katumba, Kiswahili chake kinazidi changu, na ushabiki wake wa Yanga umevuka kiasi. Siku moja alikwenda katika ofisi moja kushughulikia karatasi zake, akarudi saa tisa mchana bila kitu. Niliuliza kulikoni. Akasema karani alikuwa mpole tu, ila alipofika kwenye mstari wa asili ya babu, aliiweka kalamu chini, akaita mwenzake aje amtazame. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Waliweka tu kalamu chini.

Na kalamu ile ikiwekwa chini na umati badala ya karani, mambo huwa mengine. Mwezi Mei 2008, nchini Afrika Kusini, watu zaidi ya 60 waliuawa katika ghasia za kuwasaka wageni. Takriban theluthi ya waliouawa walikuwa raia wa Afrika Kusini, waliodhaniwa wageni kwa rangi, kwa lafudhi au kwa kabila lao. Anayemtafuta mgeni kwa macho atampata hata ndani ya nyumba yake.

Na sisi wenyewe wa Dar es Salaam ni akina nani? Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi 272,821 katika mji huu. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa. Je, hao wote walizaliwa na wale wa Mzizima, kijiji cha kale kilichokuwa hapa? Hata jina la eneo tunalolipigania, Kariakoo, limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, watu waliokusanywa kutoka huku na huko wakaweka kambi hapa. Kule Mwenge, vinyago tunavyowauzia watalii kama sura ya Tanzania vimechongwa na mikono ya Wamakonde, ambao wengi wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakifuata kazi ya mkonge. Na mkipanda daladala kwenda Sinza, konda atawapigia kelele za kituo kinachoitwa kwa Remmy. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja mjini hapa mwaka 1978 kupiga muziki, na hapa ndipo alipofia mwaka 2010. Abiria anayesema "kwa Remmy, shusha" hafikirii uhamiaji hata kidogo. Anawaza mvua na mizigo yake.

Ndugu zangu, muda wangu umekwisha na Mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Nilitaka kuomba jambo moja tu. Pale Ngara nilikuwa na daftari, ndiyo maana leo naweza kusimama mbele yenu bila kubahatisha sana. Hapa mtaani hatuna daftari. Tuna makelele. Nawaomba kila mjumbe, kabla ya kikao kijacho, apite katika nyumba zake na kuandika mambo manne: fremu ni ya nani, anayefanya biashara ndani ni nani, mpangaji aliyetangulia alikwenda wapi, na mkataba umeandikwa au ni wa mdomo. Majina ya wageni tusiyaandike, hiyo ni kazi ya Uhamiaji na wao wana utaratibu wao. Tuandike fremu zetu. Daftari la kwanza nimelinunua mwenyewe, hili hapa, la kurasa mia moja, na ukurasa wa kwanza nimeandika nyumba ninayopanga mimi, pamoja na jina la fundi cherehani aliyetolewa ili mimi niingie.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.